Babu Yako Ni Nani, na Karatasi Yake I Wapi?

Zamani, mtoto wa Kigusii alipoulizwa yeye ni wa nani, jibu lake lilikuwa zizini. Ng'ombe waliotolewa mahari, wakaondoka katika boma la babaye wakaingia katika boma la wazazi wa mamaye, ndio waliokuwa hati na shahada yake, na kila aliyezaliwa katika ndoa ile alihesabiwa kuwa wa mwenye ng'ombe, hata ikiwa mwenye ng'ombe alikuwa amekwisha kufa na ndugu yake ndiye aliyeingia kuitunza nyumba isizimike. Mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aliweza kumtolea mahari mwanamke mwenzake, akamleta nyumbani kwa heshima zote, na watoto waliozaliwa na huyo aliyeletwa wakawa dhuria wa nyumba ile, wakairithi ardhi yake na jina lake, wala mzee wa barazani hakuthubutu kuuliza ni damu ya nani iliyokuwa ikipita mishipani mwao. Mgeni naye, aliyekimbia njaa au vita akaomba hifadhi, alikuwa na jina lake katika lugha yetu: aliitwa omomenyi, yaani mkaaji, naye alipewa mahali pa kujenga na pa kulima, na ingawa wazee hawakuisahau asili yake, hawakumfukuza kwa ajili ya asili hiyo.

Jina la mtu lilifuata njia hiyo hiyo. Sisi humwita mtoto kwa jina la jamaa aliyetangulia mbele ya haki, ili jina lile lisipotee duniani, na kwa hiyo mtoto aweza kubeba jina la babu wa baba yake, na ndugu yake wa tumbo moja akabeba jina la mjomba, pasiwe na hata mmoja kati yao aliyebeba jina la baba aliyewazaa. Mtu wa ukoo akiyasikia majina hayo hujua mara moja wametoka mlango gani. Karani wa ng'ambo akiyasoma, huona watu wasiojuana.

Nimeanza na habari hizi za kale kwa sababu mizani imebadilika, nasi tungali tunapima kwa ile ya zamani. Kutoka Kebirigo hadi Nyansiongo, na kutoka Suneka hadi Ogembo, ni nyingi nyumba zenye mtu wao ng'ambo, na wengi wa hao wako Marekani, hasa katika jimbo la Minnesota, ambako pembezoni mwa Minneapolis, katika miji ya Brooklyn Park na Brooklyn Center, lugha yetu ya Ekegusii husikika makanisani na madukani. Walikwenda kusoma, wakaenda kuuguza wagonjwa na kuwatunza wazee wa watu wengine, wakakaa, wakaapa kiapo cha uraia wa huko. Na sasa limezuka swali ambalo halikuwapo katika baraza za babu zetu, nalo ni hili: uraia alioupata mzazi katika nchi ya mbali humfikiaje mtoto aliyebaki huku, na uraia wa huku humfikiaje mtoto aliyezaliwa kule?

Nina mpwa wangu aliyelelewa na mama yangu katika kilima kimoja cha Nyamira tangu alipokuwa na umri wa miaka 2, mama yake akiwa ameondoka kwa nauli iliyochangwa na ukoo na kanisa. Dada yangu alipoapa kiapo cha uraia wa Marekani mtoto alikuwa na miaka 11, na sote, mimi nikiwa wa kwanza, tuliamini kwamba uraia wa mama umemfikia mwana siku ile ile, kama mvua inyeshavyo juu ya paa la nyumba na la jikoni pamoja. Haikuwa hivyo. Sheria ya Marekani iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001 humpa mtoto uraia wa mzazi wake bila ya maombi, lakini kwa masharti: awe hajatimiza miaka 18, awe amepewa ukaazi wa kudumu, na awe anaishi kule kule chini ya malezi ya mzazi aliye raia. Mtoto wetu alikuwa akiishi Nyamira chini ya malezi ya nyanya yake. Alipoanza kuombewa safari, ilionekana kwamba cheti chake cha kuzaliwa kimeandika jina la mama kwa tahajia moja na pasi ya mama kwa tahajia nyingine. Kusahihisha herufi moja kulitupeleka ofisini mara nisizoweza kuzihesabu, faili likapotea, likapatikana, likapotea tena. Na siku karatasi zote zilipokuwa sawasawa, kijana alikuwa amekwisha kuipita miaka 18 kwa wiki sita. Njia ya kuombewa ukaazi haikufungwa, ila uraia ule ambao angeupata kwa kuvuka mlango tu wa nyumba ya mama yake, sasa itambidi autafute mwenyewe kwa kungoja miaka, kama mgeni mwingine yeyote. Mama yangu hadi leo haelewi ni kwa nini herufi moja iwe na nguvu kuliko miaka 16 ya uji na sare za shule.

Uko mlango mwingine katika sheria ile ile, ingawa haukumfaa mtoto wetu aliyekuwa mikononi mwa nyanya yake, mlango ambao watu wachache wa kwetu wameusikia. Mtoto aliye chini ya miaka 18 akaaye nje ya Marekani chini ya malezi ya mzazi wake aliye raia wa huko, aweza kuombewa uraia pasipo kuhamia kule moja kwa moja, maadam mzazi huyo awe amekaa Marekani kwa jumla ya miaka 5, na miaka 2 kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza umri wa miaka 14. Na ikiwa mzazi hakuitimiza miaka hiyo, sheria humgeukia babu au nyanya wa mtoto, mzazi wa yule mzazi, ikahesabu miaka yake badala ya ile ya mwanawe, mradi naye awe ni raia. Tuseme mzee wa Bobasi alikaa Minnesota miaka 20 akawa raia, binti yake akaupata uraia kwa kumfuata akiwa mdogo, kisha binti akarudi Kisii, akaolewa na kuzaa kabla ya kuitimiza ile miaka yake: mjukuu aweza kusimama juu ya miaka ya babu yake, naye hana budi kufika Marekani na kuapa kabla ya kutimiza miaka 18. Mimi naliona jambo hili kuwa la insafu kubwa, kwamba jasho la babu aliyewaogesha wazee wa watu usiku wa theluji lihesabiwe kuwa akiba ya mjukuu ambaye huenda hakumwona ila katika kioo cha simu.

Babu amekuwa mpaka katika sheria za nchi nyingi. Ireland humwandika kuwa raia mtu ambaye babu au nyanya yake alizaliwa katika kisiwa kile. Uingereza humpa raia wa Jumuiya ya Madola ruhusa ya kuingia na kufanya kazi ikiwa babu au nyanya yake alizaliwa huko. Na Italia, ambayo kwa muda mrefu iliwakubali hata vitukuu wa waliohama, mwaka 2025 ilikaza kamba ikasimamisha hesabu kwa wazazi na babu. Ni kana kwamba mataifa yamekubaliana kuwa kumbukumbu ya damu hudumu kwa vizazi viwili, na kwamba zaidi ya hapo ni hadithi. Wazee wetu, ambao huhesabu nasaba hadi Mogusii mwenyewe, babu wa kabila letu, wangelistaajabia ufupi wa kumbukumbu hiyo.

Lakini babu aliyewekwa mlangoni aweza kufungua na aweza kufunga, na Kenya imewahi kuyaona yote mawili. Mji wa Kisii, ambao watu wetu waliuita Bosongo, mahali pa Wazungu, ulikuwa na maduka ya Wahindi kama miji mingine ya nchi hii, na ilipofika uhuru wengi wa Waasia wa Kenya walibaki na pasi za Uingereza. Mwaka 1967, sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilipowabana wasiokuwa raia wa Kenya, wakaanza kuelekea London, na Bunge la Uingereza, kwa siku chache tu za mwisho wa Februari 1968, likapitisha sheria ya kuwazuia watu wenye pasi za nchi yake yenyewe, isipokuwa kwa yule ambaye yeye mwenyewe, au mzazi wake, au babu au nyanya yake, alizaliwa Uingereza au alipata uraia huko. Neno "rangi" halikuandikwa katika sheria ile. Halikuhitajiwa kuandikwa, kwa sababu mlowezi mweupe wa Kericho alikuwa na babu katika kaburi la Yorkshire, na Mhindi muuza nguo babu yake alichomwa na majivu yake kutiwa mtoni huko Gujarat. Mwaka 1973 Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kwamba kuwabagua watu hivyo kwa sababu ya asili yao kulikuwa ni kuwadhalilisha. Kwa wengi maoni hayo yalikuja wakati maduka yamekwisha kufungwa.

Sasa nirudi nyumbani, kwa maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Karatasi ya kwanza aliyoishika babu wa Kigusii ilikuwa kipande, kile cheti cha kazi ambacho serikali ya kikoloni ilianza kuwavisha Waafrika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kikiwa ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kilikuwa ni alama ya utumwa, na watu wakakichukia kwa haki. Lakini kiliandika jina, kabila na alama za vidole, na leo mjukuu akikikuta katika sanduku la bati hukibusu. Ila kipande kilikuwa cha wanaume peke yao. Nyanya zetu hawakuwa na chochote, na hata baada ya uhuru kitambulisho cha taifa kiliendelea kuwa mali ya wanaume hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Akiulizwa nyanya alizaliwa lini, hujibu kwa mwaka wa nzige au mwaka vita vya Hitler vilipokwisha, na karani, aliyechoka, huandika tarehe 1 Januari.

Katiba ya uhuru nayo ikatazama kwa jicho lile lile. Tangu 12 Desemba 1963, mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alikuwa Mkenya ikiwa baba yake ni raia; mama hakutajwa. Mwanamke wa Nyaribari aliyezaa London na mwanamume wa huko hakuweza kumrithisha mwanawe nchi yake, ilhali kaka yake aliyezaa na mwanamke wa kigeni katika mji ule ule aliweza. Mambo yakakaa hivyo kwa zaidi ya miaka 46, hadi tarehe 27 Agosti 2010, ilipotangazwa Katiba ambayo kifungu chake cha 14 husema kwamba mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku ile mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko, na kwamba haki hiyo ni ya hata waliozaliwa kabla ya siku hiyo. Kifungu cha 16 kikaongeza kwamba raia kwa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuupata wa nchi nyingine, na waliokuwa wameupoteza kwa njia hiyo wakafunguliwa mlango wa kuuomba tena. Kweli, Bunge limepewa uwezo wa kuiwekea mipaka haki hii kwa vizazi vinavyozaliwa nje, na yafaa walioko Minnesota walijue hilo kabla ya kudhani kwamba kitukuu wao ataukuta mlango u wazi vile vile. Lakini neno "mama" limekwisha kuandikwa, na ni vigumu mno kulifuta.

Limeandikwa katika Katiba, lakini katika maboma yetu bado. Nimeketi katika mikutano ya ukoo ambamo mtoto wa mwana aliyezaliwa Dallas, asiyejua neno la Ekegusii zaidi ya salamu, hutengewa kipande cha shamba kabla hajakanyaga ardhi yake, na katika mkutano ule ule mtoto wa binti, aliyelelewa palepale bomani akachunga ng'ombe na kuchuma chai, akaambiwa kwa upole kwamba kwao ni kwingine. Ikiwa mama yake hakuolewa, huko kwingine hakuko. Sheria ya vizazi na vifo nayo ilimkandamiza mtoto kama huyo, kwa kuwa kifungu chake cha 12 kilizuia jina la baba asiyemwoa mama lisiandikwe pasipo maombi ya wazazi wote wawili, na mahali pa jina la baba pakaachwa patupu. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi, ilitamka kwamba jambo hilo lilipingana na Katiba. Ni wangapi katika Kisii na Nyamira waliokwenda kupajaza mahali pale patupu? Baba anayemtumia mwanawe karo kutoka Amerika, akidhani kwamba fedha ni ushahidi wa kutosha, atafahamu ukubwa wa pengo lile siku ubalozi utakapomtaka athibitishe kwamba mtoto ni wake, na kama karatasi haisemi, wataomba vinasaba, na vinasaba havijui habari za ng'ombe wala za mwanamke aliyemwoa mwanamke.

Siwalaumu wazee kwa kuipenda nasaba, naipenda pia. Ninalosema ni kwamba hatuwezi kumwomba mgeni wa Minneapolis amtambue mjukuu wetu kwa upande wa mama, tukaona ni dhuluma akikataa, na jioni ile ile tukamkataa mjukuu wetu sisi wenyewe kwa sababu hiyo hiyo.

Wala si mjukuu wa binti peke yake. Pale mjini Kisii wako jirani zetu Wanubi, ambao mababu zao walitoka Sudani wakiwa askari, wakatumikia jeshi la King's African Rifles, wakakaa katika miji ya nchi hii kwa amri ya Mwingereza aliyewaleta na asiyewarudisha. Wamezika wafu wao hapa kwa zaidi ya miaka mia. Hata hivyo kijana wa Kinubi alipotimiza miaka 18 hakukipata kitambulisho kama alivyokipata jirani yake aitwaye Nyamweya: alipelekwa mbele ya kamati apigwe msasa, akaambiwa alete karatasi za wazazi wake na za babu yake, babu ambaye serikali ile ile haikumwandika. Tarehe 22 Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia watoto wa Kinubi haki yao ya utaifa na kuwabagua, na mwaka 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikanena neno kama hilo kwa jamii yote. Nasikitika kukiri kwamba miaka ile yote sikusikia mzee wa kwetu akisimama kuwasemea, nasi ndio tuliokuwa na neno omomenyi, neno ambalo jirani zetu hawa walilistahili na kulizidi.

Mwezi uliopita nilichukua daftari nikaenda kwa baba yangu mkubwa, ambaye macho yamemwacha lakini kumbukumbu haijamwacha, nikamwomba anihesabie ukoo wetu nipate kuuandika, na majina na mahali pa kuzaliwa na mwaka kwa kadiri atakavyoweza. Akaanza kwa Mogusii akashuka, mwana baada ya mwana, bila kusita, kama mtu ateremkaye njia aliyoizoea gizani. Nikaandika. Alipomaliza nikamuuliza majina ya mama zao. Nilidhani atakasirika, au hatayajua. Kumbe aliyajua, na akayajua yote, kwa sababu, alisema, mzee mwenye wake wanne hakuwa na boma moja bali nyumba nne, na kila nyumba iliitwa kwa mama wake, na pale tulipogawanyika milango, tuligawanyika kwa akina mama. Akarudi juu tena, akashuka mara ya pili, safari hii akiwataja wanawake, na daftari langu likajaa pambizo zote.

Nikamuuliza kuhusu mabinti zake mwenyewe. Akanyamaza kwa muda. Mkewe, aliyekuwa akichambua wimbi mlangoni, akaacha kuchambua. Kisha mzee akauliza kalamu yangu kama bado ina wino, akanyoosha kidole kuelekea kwenye daftari asiloliona, akalitaja jina la mtoto wa binti yake wa kwanza, aliyezaliwa Minnesota, akanitajia herufi kwa herufi, pole pole, ili nisikosee.